Manowari ndogo za doria na bahari zinayoilinda

Wanafunzi wanaotutembelea hapa Nairobi huuliza mara kwa mara kwa nini manowari za Kenya ni ndogo kuliko zile wanazoziona kwenye filamu. Ni swali la maana kwa mkazi wa bara, kwa kuwa mafuta ya matatu anayopanda na sehemu kubwa ya ngano ya mkate wake huingia kupitia Mombasa.

Jeshi la Wanamaji lilianzishwa Desemba 1964. Manowari zake za mwanzo, Simba, Chui na Ndovu, ziliundwa Uingereza mwaka 1966, kila moja ikiwa na urefu wa takriban mita 31, pungufu ya mabasi matatu makubwa yaliyofuatana. Udogo huo haukuwa kasoro. Mwambao wetu umejaa miamba na mikono ya bahari, na huko Lamu mikoko imesonga milango ya maji baina ya visiwa, mahali ambapo meli nzito haithubutu kuingia, ilhali chombo kinachohitaji kina cha maji cha mita mbili tu huweza kulifuata jahazi linaloshukiwa hadi karibu na ufuo. Likisimamishwa, mashua hushushwa, mabaharia wachache hupanda, hati husomwa, kisha barafu iliyofunika samaki hufukuliwa kwa mikono hadi mbao za ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya jahazi, zionekane.

Tatizo huja wakati wa Kusi, upepo wa msimu utokao kusini. Mawimbi huinua omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, na kuipiga chini, kula na kulala huwa shida, na akiba ya mafuta na maji hairuhusu kukaa mbali kwa siku nyingi. Mwaka 1979 Kenya ilitangaza ukanda wake wa kiuchumi wa maili 200 za baharini, yaani kilomita 370 hivi, masafa yasiyoweza kulindwa na boti za namna hiyo peke yake.

Ndipo zikaja manowari kubwa zaidi: Nyayo na Umoja, zilizopokewa mwishoni mwa miaka ya 1980, zina urefu wa karibu mita 57, nazo ziliundwa kubeba makombora. Shujaa na Shupavu, zilizotoka Uhispania mwaka 1997, zinakaribiana nazo kwa urefu lakini zilikusudiwa hasa doria. Kwa maoni yangu, hizi za pili ndizo zilizoielewa vyema kazi yetu ya kila siku, kwani mvuvi haramu na mlanguzi hawakamatwi kwa kombora, bali kwa chombo kinachoweza kuwasubiri baharini.