Ulaya Kuna Shamba: Yale Mnayoniuliza na Yale Ninayoyaona Huku Powys

Kila nikiweka picha status inbox inajaa maswali yaleyale, hapo ni Ulaya kweli, mbona hamna watu, unafanyaga nini huko jamani. Siwalaumu. Mi mwenyewe mtoto wa Magomeni, nimekulia kwenye honi za daladala na spika za shughuli, na nilivyopata kazi ya kuhudumia wazee majumbani huku Powys, mkoa wa katikati ya Wales, Uingereza, nilijua nakwenda London ndogo. Mwaka wa kwanza kila wikiendi nilikuwa nakimbilia Birmingham, pesa yote inaishia kwenye treni. Sa hivi mwaka wa tatu, Birmingham naenda kufuata nyama tu, ntawaambia kwa nini.

Basi tuanze na hii ya "Ulaya hakuna kijiji, ni maghorofa tu". Powys ina kilomita za mraba kama 5,200, yaani Dar nzima inaingia mara tatu na nafasi inabaki, ila watu wake hawafiki hata laki moja na nusu. Dar kwa sensa ya 2022 tulishapita milioni 5. Wales yote ina watu kama milioni 3 na kondoo zaidi ya milioni 8, kwa hiyo ukiona kwenye picha yangu kuna kondoo kumi na mtu hamna, hapo sijachagua engo, ndo hali ilivyo.

Halafu eti "Wazungu wa shamba wana roho ngumu, hawasalimii". Hapa niliaibika. Barabara za huku nyingi ni za gari moja, kuna sehemu za kupishana, mkikutana uso kwa uso mmoja anarudi rivasi. Siku ya kwanza naendesha peke yangu, kila gari ninalopishana nalo dereva ananyanyua kidole kimoja kwenye usukani. Mi akili ya Bongo ikaniambia wananitonya, mbele kuna trafiki! Nikapunguza mwendo, nikaangalia mkanda, nikanyooka kama mwanafunzi wa veta, nimetembea kikonokono kilomita na kilomita kumbe hamna trafiki wala tochi, watu walikuwa wanasalimia tu. Hiyo ndo salamu yenyewe, kidole kimoja, na usipojibu wanakuona una kiburi. Mtaani London mtu akikusalimia hakujui utashika pochi, huku nisipomsalimia mzee anayetembeza mbwa, kesho ananiuliza kama naumwa.

Na kwa kuwa tuko barabarani, wale mnaokuja jueni leseni ya Tanzania inakubalika miezi 12 tu tangu uwe mkazi, baada ya hapo unafanya mtihani wao upya, nadharia na barabarani. Usisubiri mwezi wa 11 kama mimi, kwa sababu huku bila gari huna kazi, basi ni chache na Jumapili sehemu nyingi hamna kabisa.

"Kiingereza chako kinatosha." Kinatosha kuishi ndio, ila ukitaka kufurahi ongeza kidogo. Wiki ya kwanza niliona kwenye lami wameandika ARAF, herufi nyeupe kubwa, nikajisemea mashaallah, hawa watu mpaka Suratul Aaraf wameiweka barabarani. Sikuona neno la chini yake, SLOW. Araf ni Kiwelsh, maana yake polepole. Sensa ya 2021 ilikuta watu kama 18 kati ya 100 Wales wanaongea Kiwelsh, na Waingereza wanaohamia huku wanakiogopa kama homa, ila sisi wa Kiswahili tuna bahati ambayo hakuna aliyeniambia. Wao wana neno gardd, bustani, hizo d mbili zinasomeka dh kama ya dhahabu. Ukisema bustani yangu inakuwa fy ngardd, hiyo f ni v, na mwanzo wa ngardd ni ng' ileile ya ng'ombe! Mwingereza hapo ulimi unakwama, mi niliisema mara ya kwanza bibi mmoja ninayemhudumia akaweka kikombe chini akaniangalia. Na neno kubadilika mwanzo wake sisi linatushtua nini, watu tunaosema ulimi ndimi, ukuta kuta? Tangu siku ile yule bibi hanywi chai bila kunifundisha neno, nami namfundisha shikamoo, anaipenda kwa sababu nimemwambia huku kote yeye ndo anaistahili.

"Kijijini maisha nafuu." Hapana jamani. Nyumba nyingi za huku hazina bomba la gesi, unapasha joto kwa mafuta, kuna tanki nje ya nyumba na lori linakuja kujaza, na kwa kawaida hawakuletei chini ya lita 500. Mimi sikuwa naangalia geji. Januari usiku, kibaridi cha kukata masikio, boila ikakohoa mara mbili ikazima, nikapiga simu naambiwa lori ni wiki ijayo. Nimelala na koti, soksi mbili na khanga kichwani, natoa moshi mdomoni kama basi bovu. Asubuhi mzee jirani akaona bomba la boila halitoi mvuke, akaja na hita ya umeme na gunia la kuni kavu, akanionyesha kijiti cha kupimia tanki, ukifika alama hii unaagiza. Sasa napima kila Jumamosi kama mtu anayekagua maji ya kisima.

Huyohuyo ndo anauza mayai barabarani bila muuzaji, kasanduku getini, mayai mle, kopo la hela pembeni, unachukua unaweka. Mara ya kwanza nilizunguka natafuta kamera.

"Ukikanyaga shamba la mtu utapigwa risasi." Niliamini hii nikawa natembea barabarani tu, wakati Wales ina njia za umma zaidi ya kilomita 30,000, nyingi zinapita katikati ya mashamba ya watu na una haki ya kupita kisheria. Fuata alama, geti ulilokuta limefungwa lifunge, mbwa umfunge kamba maana mkulima anaweza kumpiga risasi mbwa anayesumbua kondoo, hapo ndo ile hadithi ya risasi ilipotokea nadhani. Usipite katikati ya ng'ombe na ndama wake. Nyoka mwenye sumu yupo wa aina moja tu na anakukimbia, mdudu wa kujikagua ukirudi ni kupe. Gambuti nunua nzuri, usibane hela hapo.

"Kimya mpaka unasikia masikio yako." Wapi! Ndege za jeshi zinafanya mazoezi kwenye mabonde ya huku, zinapita chini mpaka unaona rubani amekaa upande gani, mara ya kwanza nilidondosha sufuria. Giza lakini ni kweli. Desemba jua linazama saa 10 jioni, ukiswali adhuhuri hujakunja mswala alasiri hii hapa, na magharibi inabisha hodi. Nilikuwa nalia. Mpaka mtu akanipeleka bonde la Elan, penye mabwawa ya tangu 1904 yanayopeleka maji Birmingham kwa mteremko tu, tukazima taa za gari. Zile nyota sikuwahi kuziona Magomeni, na sidhani kama walioko Magomeni wanajua zipo.

Nyama sasa. Nimezungukwa na kondoo pande nne na ya halali nafuata Birmingham, nimeizoea.

Machi iliyopita jirani aliniita saa 5 usiku nimshikie tochi, kondoo anazaa pacha na wa pili amekaa vibaya. Yule mdogo alitoka amelegea, akanipa nimsugue kwa nyasi kavu mpaka akapiga chafya. Nikampigia mama video, nikamwonyesha ninavyomnyonyesha kwa chupa. Mama kanyamaza, kavaa miwani, kaangalia tena.

"We, nilikutoa Handeni kwa babu yako usichunge mbuzi. Ukapanda ndege kwenda kuchunga kondoo?"