Kulowea Mirihi sio kuikoloni Mirihi

Juzi tena nimesikia watu wawili wanabishana, mmoja anasema binadamu "ataikoloni" sayari ya Mirihi (Mars) na anafurahi kabisa, mwenzake anamjibu huo ni uovu uleule wa zamani, na muda wote kila mmoja anaongelea kitu chake.

Kinachoongelewa ni binadamu kuhamia sayari nyingine na kuishi huko, wazae, wazeeke hukohuko. Basi, ndo hicho tu.

Shida iko kwenye neno. Koloni limetoka Kilatini, colonia, na mzizi wake ni colere, yaani kulima. Warumi walikuwa wanawagawia askari wao wastaafu mashamba, mara nyingi kwenye ardhi walizoteka, na mji wa Cologne kule Ujerumani jina lake limetoka hapohapo. Yaani toka mwanzo neno lilibeba vitu viwili, mkulima anayehamia na jeshi lililomtangulia, na lugha za Ulaya zimeliacha hivyohivyo limechanganyika. Kiswahili kilishatenganisha zamani! Kulowea ni kuhamia mahali ukapafanya kwenu, anayefanya hivyo ni mlowezi. Mkoloni ni anayemtawala mwenye nchi. Mtu anaweza kuwa vyote viwili na historia imejaa watu hao, lakini wapo wakoloni kibao ambao hawakulowea, walitawala wee wakarudi kwao.

Sasa ukoloni lazima uwe na mtawaliwa, na Mirihi mpaka leo hatujakuta mtu. Simaanishi hakuna maswali ya maadili, yapo, ila ni mengine. Kuna la vijidudu: 2003 NASA, shirika la anga la Marekani, walikiangamiza makusudi chombo chao Galileo ndani ya sayari ya Mshtarii (Jupiter), kisije siku moja kikagonga mwezi wake Europa na kupeleka bakteria wetu kwenye maji yanayodhaniwa yapo chini ya barafu. Kuna la umiliki, ingawa mkataba wa anga wa 1967 unakataza nchi yoyote kujitwalia sayari. Na kuna la hewa, hili ndo linanitisha zaidi, maana mlowezi wa Mirihi hawezi kufungua mlango akavuta pumzi, anayeshika mtambo wa oksijeni ameshika roho yake, atamgomeaje? Hapo ukoloni unaweza kuzaliwa kweli, kati ya walowezi na aliyewapeleka.

Kwa hiyo kama unaongelea watu kwenda kuishi tu, sema kulowea, hata kuhamia inatosha. Ukisema ukoloni, tuambie na nani anatawaliwa.