Laxton: Mpaka Unaolindwa kwa Kigingi

Ukifika Laxton, mkoani Nottinghamshire, usianze na kanisa wala kilima cha ngome ya kale. Tazama kwanza nyumba za wakulima: zimejipanga kijijini, kando ya barabara. Sehemu nyingi za Uingereza, mashamba yalipozungushiwa ua katika karne ya 18 na 19, wakulima wengi walihamia katikati ya ardhi yao. Hapa, ambako makonde yamebaki wazi bila ua, mtu angehamia wapi, ikiwa shamba lake limetawanyika?

Makonde makubwa ya wazi ni matatu: West Field, South Field na Mill Field. Kila moja limekatwa ngwe, na ngwe za mkulima zimesambaa kotekote, ili udongo mzuri na mbovu wapate wote. Mwaka wa kwanza konde hupandwa ngano ya vuli, wa pili zao la majira ya kuchipua, wa tatu ardhi hupumzika. Zamu ni ya konde zima. Huwezi kusia ngano peke yako wakati jirani zako wamelaza ardhi.

Balaa ni kwamba kati ya ngwe na ngwe hakuna ua. Plau ikisogea mfuo mmoja tu kila msimu, baada ya miaka michache umekula ardhi ya mwenzako, na yeye pengine hajagundua. Hatari zaidi ziko kwenye sykes, yaani mikanda ya nyasi iliyoachwa pale palipo na maji au mteremko usiolimika, na kwenye njia za konde. Hizo ni za wote, kwa hiyo hakuna anayezipigania kama chake.

Ndiyo maana mwishoni mwa Novemba baraza la wakulima hukagua konde la ngano changa na kupigilia vigingi kwenye mipaka. Wiki moja baadaye Court Leet, mahakama ya kijiji, hukaa katika baa ya Dovecote Inn na kutoza faini waliovuka. Kwangu mimi, faini si kitu. Kinachouma ni kutajwa mbele ya majirani.

Ramani ya kijiji iliyochorwa na mpima ardhi Mark Pierce mwaka 1635 inaonyesha ngwe moja moja. Ila usiitumie kupima ngwe za leo: mwanzoni mwa karne ya 20 nyingi ziliunganishwa na kupanuliwa.