Msuko Ukiuma Ufumue Leo: Maswali na Majibu Kuhusu Kunyonyoka Nywele za Mbele

Nywele zangu zimepungua kwenye paji na juu ya masikio. Ni ugonjwa gani?
Ni upara unaoletwa na kuvutwa nywele. Shina la unywele liko ndani ya ngozi. Likivutwa mchana na usiku, wiki hadi wiki, linavimba, linadhoofika, mwishowe linakufa na kuacha kovu. Jitazame kwenye kioo. Mara nyingi mbele kabisa hubaki mstari wa vinywele vifupi vyembamba, na nyuma ya mstari huo ngozi inang'aa.

Lakini msuko mpya si lazima uume kidogo?
Hapana. Hili nalijibu kila wiki hapa kliniki. Juzi dada mmoja aliniambia, huku anacheka, kwamba akitoka kusuka hununua Panadol njiani, maana nyusi zimepanda na kufumba macho ni shida. "Ukitaka uzuri sharti udhurike," akanimalizia. Mimi sikucheka. Msuko unaouma umekazwa kupita kiasi, basi. Usisubiri ulegee wenyewe baada ya siku nne. Ufumuliwe siku hiyohiyo, hata kama umelipia.

Vipele vyenye usaha kwenye mistari je? Msusi anasema nikaze moyo, vitakauka.
Msusi wako anakosea. Vipele hivyo ni ngozi inayolalamika. Fumua, osha, njoo tuvione. Usipake spiriti wala mafuta ya taa.

Hili limechunguzwa, au ni maneno ya hospitali tu?
Limechunguzwa, tena kwetu Afrika. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walikagua vichwa vya wanafunzi na vya watu wazima Waafrika wa huko Cape Town. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2007, wasichana wa shule wenye upara huu walikuwa asilimia 17.1; wanawake watu wazima, asilimia 31.7, yaani karibu mmoja katika kila watatu. Wanaume walikuwa asilimia 2.3 tu, nao hawasukwi kama sisi. Tena kwa wale wasichana ulizidi kadiri walivyopanda madarasa. Kwa hiyo mama unayemkalisha mtoto wa chekechea katikati ya magoti na kumpiga kitana atulie, mtoto akilia anakwambia kitu. Legeza.

Naweza kuweka dawa ya nywele kisha nikasuka rasta?
Hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa zaidi, utafiti huohuo ulilionyesha hilo. Dawa inaudhoofisha unywele, halafu unautundikia mzigo wa nywele za bandia. Chagua kimoja.

Mimi zinatoka utosini, si mbele.
Huo ni ugonjwa mwingine, na una upande wa urithi. Mwaka 2019 watafiti, akiwemo Profesa Ncoza Dlova wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walieleza kuwa baadhi ya wanawake wenye tatizo hilo wana hitilafu kwenye jeni iitwayo PADI3. Hujarogwa. Lakini nao huacha kovu, usikae nao nyumbani.

Si zitaota tu zenyewe?
Ukiwahi, ndiyo: ukiacha kuzivuta mapema, nyingi hurudi, taratibu, kama sentimita moja kwa mwezi. Ukichelewa, hapana. Kovu likishaingia hakuna mafuta ya nazi, maji ya kitunguu wala dawa ya chupa itakayofufua shina lililokufa. Narudia: hakuna. Wengi hutufikia baada ya miaka mitano ya kufunika kwa wigi, tena wigi la gundi linalobana palepale palipoumia.

Nikija kliniki nijiandae vipi?
Njoo umefumua. Nywele zilizosukwa zinaificha ngozi, nami nataka kuiona yote. Kuna aliyesafiri tangu alfajiri akafika na msuko mpya kabisa, wa jana yake, bado umekaza hadi paji linameremeta. Aliona aibu kuja hospitali na nywele mbaya.