Daktari mstaafu wa watoto hatibu bure

Watu wakisikia kwamba daktari bingwa wa watoto amestaafu na sasa anajitolea katika jamii, humwona akilini mzee aliyevaa kipimo cha moyo shingoni, anatibu bure nyumbani kwake. Huwa naikanusha dhana hiyo mapema, kabla haijaniletea foleni mlangoni. Sitibu. Leseni ya udaktari huhuishwa kwa masharti, dawa zina utaratibu wake, na mtoto aliyeanzishiwa dawa lazima awe na mahali pa kurudi hali ikibadilika usiku wa manane. Mstaafu asiye na maabara, faili wala mwenzake wa kumpokea zamu, akianza kuandika dawa, anafungua zahanati bandia. Tena anamvunjia heshima muuguzi wa zahanati halisi, kwa maana wazazi huanza kumpita na kwenda kwa “bingwa”.

Kinachobaki ni kuwaachia wengine jicho la daktari. Hospitalini tulikuwa tunaletewa mtoto ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Saa za kuamua mengi zilikuwa zimepita nyumbani, mbele ya mama, baba, bibi, yaya au mhudumu wa afya ya jamii. Hao ndio wanafunzi wangu sasa.

Somo ninalolirudia kuliko yote ni kuhesabu pumzi, kwa sababu nimonia huanza kujionyesha hapo. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Pandisha nguo mpaka kifua na tumbo vionekane, ushike saa, uhesabu kila kifua kinapoinuka kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili: pumzi za mtoto mchanga hazina mwendo mmoja, huenda mbio, husita kidogo, kisha huenda mbio tena. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa chini ya miezi 2 anapumua kwa kasi akifikisha pumzi 60 kwa dakika; wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50; na wa mwaka 1 ambaye hajatimiza 5 akifikisha 40. Huyo mchanga kabisa akifikisha 60, hesabu mara ya pili kabla ya kuamua. Lakini ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, hiyo si hali ya kusubiri kupambazuke.

Nitasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda: wahudumu wa jamii wengi huhesabu pumzi vizuri kuliko madaktari vijana. Hawaoni aibu kukodolea saa macho.

Somo la kuhara lina historia ninayopenda kuisimulia. Mwaka 1971, kipindupindu kilipozuka kwenye kambi za wakimbizi waliokimbilia India kutoka nchi ambayo leo ni Bangladesh, dripu zilianza kuisha. Dilip Mahalanabis, daktari aliyesomea tiba ya watoto, aliamua wagonjwa wanyweshwe maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo maalumu, na wanyweshaji wawe ndugu zao. Vifo katika kituo chake vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Siri iko kwenye utumbo: sukari husaidia chumvi kupenya ukuta wake, na chumvi ikipita, maji hufuata, hata wakati mgonjwa bado anahara.

Hilo la mwisho ndilo linalowachanganya wazazi. Wanampa mtoto ORS, yaani maji hayo ya chumvi na sukari, siku nzima, wanaona bado anahara, wanahitimisha kwamba haifanyi kazi, wanaiacha. Haikuwekwa ili ikomeshe kuhara. Inarudisha maji yanayopotea, na ukosefu wa maji hayo ndio unaoua. Kinachopunguza muda wa kuhara ni vidonge vya zinki, kila siku kwa siku 10 hadi 14. Mara nyingi pakiti ya zinki hubaki kabatini baada ya siku tatu, mtoto akishaonekana mzima.

Kujitolea kuna vikao pia: vyoo, maji, ratiba ya chanjo, nani ana ufunguo wa stoo. Sivipendi, ila nahudhuria.

Mstaafu asiyeendelea kusoma ana hatari yake. Zamani madaktari wengi walishauri mtoto mchanga alazwe kifudifudi. Mwaka 1992 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo wa kuacha ulalaji huo, na tangu miaka hiyo ushauri ni kumlaza chali, kwenye godoro gumu, bila mito, kwa sababu vifo vya ghafla vya watoto wachanga vilipungua sana walipolazwa hivyo. Sasa nikimwambia mama mpya hayo, bibi yupo pembeni, naye aliambiwa kinyume chake, tena na daktari. Simbishii. Namwambia alishauriwa kwa elimu ya wakati ule, kisha namwomba yeye ndiye awe msimamizi wa ulalaji wa mjukuu. Kazi hiyo huifanya kwa ukali kuliko mimi.

Simu za usiku hazikosekani. Huwa nauliza mambo manne: ananyonya au kunywa? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege? Ukimwamsha anaamka vizuri? Jibu moja likiwa baya, nawaambia watoke sasa hivi waende hospitali, na sikubali kutazama picha ya upele kwanza. Kesho yake nawapigia kuuliza wameambiwa nini na wamepewa dawa gani. Hapo ndipo hugundua kwamba dozi ya dawa ya maji inapimwa kwa kijiko chochote cha jikoni, wakati vijiko havilingani ukubwa. Nawarudisha kwa muuguzi wamwombe bomba la sindano lisilo na sindano, awawekee alama ya wino pale dozi inapoishia.