Kikohozi kisichokatika na macho yenye matongo: maswali ya akina mama wa Mombasa

Mwanangu ana miaka mitatu. Mafua yameisha, lakini bado akohoa, na asubuhi kope zimegandana kwa matongo. Ni nini?

Mara nyingi ni virusi vya mafua yaleyale. Jicho na pua vimeunganishwa kwa mfereji mwembamba, na virusi vingine, hasa adenovirasi, hushika koo na macho kwa pamoja. Kikohozi cha mafua chaweza kukaa hadi wiki tatu. Ikiwa mtoto acheza, ala na hana homa, usikimbilie antibiotiki, haziui virusi.

Macho yakiwasha sana na kutoa maji, fikiria aleji: vumbi la kaskazi, moshi wa makaa, au udi na ubani unaofukizwa chumbani madirisha yamefungwa. Matongo mazito ya njano yanayorudi kila ukisafisha huenda ni ya bakteria, na hayo daktari ana dawa yake.

Nimsafishe vipi?

Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha maji, yaache yapoe, chovya pamba, uiweke juu ya kope zilizogandana mpaka matongo yalainike. Kisha pangusa mara moja tu, kutoka upande wa pua kwenda nje, uitupe. Pamba nyingine kwa pangusa nyingine, na jicho la pili lisiguswe kwa pamba ya la kwanza. Ninachokiona sana ni ncha ya leso: mama apangusa jicho la huyu, pua ya yule, kisha jasho lake mwenyewe. Wiki haiishi, nyumba nzima macho mekundu. Taulo na mto pia kila mtu awe na wake.

Nyanyake ataka kumtia wanja.

Mwambie kwa heshima, lakini usikubali. Baadhi ya wanja una madini ya risasi, ambayo huingia mwilini na kudhuru ubongo wa mtoto. Maziwa ya mama nayo yabaki ya kunywa, si ya kutia machoni. Wala usiazime matone ya jirani: mengine yana steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe, na jicho lenye kidonda likitiwa hiyo laweza kupofuka.

Na kikohozi?

Aliyetimiza mwaka mpe kijiko kidogo cha asali kabla ya kulala, na maji ya uvuguvugu mara kwa mara. Asiyetimiza mwaka asionje asali kabisa, yaweza kumletea sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumua. Kumfukiza kwa sufuria ya maji moto acha; watoto huungua.

Mdogo wake ana wiki tatu, naye macho yanatoa usaha.

Huyo mpeleke leo, usingoje kesho. Usaha wa macho katika siku 28 za kwanza waweza kuwa kisonono au klamidia, magonjwa ya zinaa ambayo mtoto huyapata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Kisonono huweza kutoboa jicho kwa muda mfupi sana. Klamidia yaweza kushuka mapafuni, na wiki kadhaa baadaye mtoto akaanza kukohoa kikavu, mfululizo, bila homa. Baba na mama hutibiwa pamoja, na hakuna wa kulaumiwa hapo.

Nitajuaje kama ni surua?

Homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu hutangulia. Siku chache baadaye upele huanzia usoni na nyuma ya masikio. Tazama kijitabu cha kliniki: chanjo ni ya miezi 9, kisha 18. Ukifika kituoni sema mapema, mkae mbali na watoto wengine. Atapewa vitamini A, ambayo huyakinga macho yake.

Lini nisisubiri tena?

Mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50, au wa mwaka hadi mitano akifika 40, au kifua kinabonyea chini ya mbavu, nenda hata kama ni usiku. Vilevile akikataa kunyonya, au jicho likiuma na kuogopa mwanga. Kikohozi kikipita wiki mbili na uzito unapungua, au nyumbani kuna mtu mzima akohoaye, ombeni wote wawili kupimwa kifua kikuu. Katika vituo vya serikali matibabu yake hayalipiwi.