Otomatiki ina klachi, tena nyingi

Wiki iliyopita, pale Mwanga, Kigoma, nimeisikia tena. Mama mmoja anayeuza mawese alikuwa anaangalia pikapu ya zamani, dalali akamwambia: "Mama yangu, hii ni otomatiki, haina klachi. Hakuna cha kuungua humo." Mama akaitikia kwa kichwa, na mimi nikashindwa kunyamaza.

Gia boksi ya otomatiki ni ile inayobadilisha gia yenyewe kufuatana na mwendo, mzigo na unavyokanyaga mafuta. Maana yake ni hiyo tu. Tabu iko kwenye neno klachi.

Neno hilo tumelichukua kwa Waingereza, na kwao ni kitenzi cha kushika kwa nguvu, kukaza vidole. Klachi basi ni kile kinachoshika na kuachia ndani huko. Unachokanyaga ni pedeli. Lakini sisi tumezoea kusema "kanyaga klachi", kwa hiyo mtu akichungulia chini asione pedeli ya tatu, anaamini klachi yenyewe haipo. Siku fundi akifungua gia boksi ya otomatiki, sogea uone: pleti za klachi zimepangwa kama chapati, moja chuma kitupu, inayofuata imevikwa kitu kama karatasi ngumu, kisha chuma tena, seti baada ya seti. Zote zimelowa oili, na msukumo wa oili hiyo ndio unaozibana. Mafundi huiita haidroliki, na wana haki: magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, ya kwanza kuuzwa kwa wingi kule Marekani yakiwa na otomatiki kamili, gia boksi yake iliitwa Hydra-Matic, yaani haidroliki na otomatiki. Otomatiki lenyewe asili yake ni Kigiriki, kitu kinachojiendea. Kwamba kinajibadilishia hata oili, hilo neno halijasema.

Na kwenye pikapu kuukuu oili ndiyo habari yote. Gari iliyopandisha magunia ya dagaa kutoka Kibirizi, kule ziwani, miaka nenda rudi imepata joto. Joto huichosha oili, oili iliyochoka haibani sawasawa, pleti zinateleza, zinaungua. Sikubaliani pia na wanaosema otomatiki zote ni mbovu. Gia boksi ya A340 ya Aisin, kampuni ya Japani, iliyofungwa kwenye baadhi ya pikapu za Toyota Hilux, ni ngumu kweli ikibadilishiwa oili na ikipoozwa vizuri.

Basi nilimwomba dalali awashe injini, aiache ipate moto, akanyage breki na kupitisha mkono wa gia kutoka P (ya kuegesha) mpaka L (gia ya chini) na kuurudisha. Injini ikiwa bado inanguruma, pikapu ikiwa pale penye usawa, nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, nikakifutia kwenye kitambaa cheupe. Doa linatakiwa liwe jekundu, linalopitisha mwanga. Lile lilikuwa la rangi ya kahawa, na mama alipolinusa akasema, "Hii ni harufu ya ukoko." Dalali akaweka R, gia ya kurudi nyuma. Tukahesabu moja, mbili, tatu, ndipo gari ikashtuka na kuvuta. Gia boksi isiyo na tatizo hukamata mara tu. Barabarani angalia na hili: ukipanda mlima injini ikapiga kelele na mwendo usiongezeke, pleti zinateleza.

Mama hakununua. Dalali hakukasirika, na siamini alitaka kumdanganya. Alisema alichosikia kwa wenzake, kama wengi wetu. Kaka dalali, mteja mwingine akija, mwambie "haina pedeli ya klachi", halafu mchomolee kijiti kabla hajakuomba.